Ua la Mkaa wa Kibuyu

Wanaomfahamu Fusae Hibino kama mwanamke aliyechora mayungiyungi ya nyumba ya akina Hibino maisha yake yote huona vigumu kuamini kwamba alipoolewa hakuwa amewahi kushika brashi. Alitoka upande wa pili wa mlima, kwa watu wa mpunga na viwavi vya hariri, na kazi ambayo mikono yake iliijua ni kuchuma majani ya mforosadi. Mshenga alisema tu kwamba nyumba ya akina Hibino ina tanuri na ina njaa ya mikono. Wazazi wake hawakuuliza zaidi. Vita vilikuwa vimekwisha juzijuzi, na kijana aliyerudi na viungo vyake vyote hakuwa mtu wa kuulizwa maswali.

Kijana huyo, Tokuji, alikuwa mfinyanzi kama baba yake. Alifinyanga mabakuli mazito ya kupakulia chakula, ya udongo mgumu unaopigwa moto mpaka ukalia kama jiwe, mapana kiasi kwamba watu wote wa nyumba waliweza kula kutoka bakuli moja na bado pakabaki cha jirani. Lakini mabakuli hayo hayakusafiri hadi Nagoya na Kyoto kwa sababu ya upana wake. Yalisafiri kwa sababu ya ua lililochorwa ndani, na ua hilo lilikuwa mali ya mama yake, Shige.

Shige alichora ua moja tu: yungiyungi la mlimani, jeupe, lenye madoadoa, linaloinamisha shingo miteremkoni mwezi wa saba. Wafanyabiashara walimwomba krisanthemu, wakamwomba maua ya mcheri. Aliwajibu kwamba maua hayo yana watu wake. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mchache wa maneno, na Fusae alimwogopa kuliko alivyoogopa tetemeko la ardhi, kwa sababu tetemeko angalau hupita.

Katika bonde la wafinyanzi hao mchoraji hafundishwi kwa mdomo. Mwalimu huchoma kibuyu kikavu, mwanafunzi husaga mkaa wake kwa maji, kisha mwalimu huchora ua kwa mkaa huo kwenye karatasi nyepesi. Karatasi hulazwa ndani ya bakuli na kusuguliwa kwa mgongo wa jani la kamelia, na ikiondolewa, mistari ya kijivu hubaki juu ya udongo. Mwanafunzi huifuata mistari hiyo kwa rangi ya kweli, nayo ni ya chuma, jiwe la kutu lililosagwa na kuchanganywa na chai iliyolala. Mkaa ukiingia motoni huungua wote, usiache hata alama. Chuma ndicho hubaki. Kwa hiyo mkaa ni kama mkono wa mzazi unaomshika mtoto anayejifunza kutembea. Siku mtoto akienda mwenyewe, hakuna anayeuona tena.

Fusae aliufuata mkaa mwaka baada ya mwaka, kwenye mabakuli madogo tu. Kila alipomaliza, Shige aliliinua bakuli karibu na uso, akalitazama, kisha ama aliliweka kwenye ubao wa kuelekea tanurini ama alichukua sifongo lililolowa akalifuta lote. Hakusema limekosa nini, na lilipofaulu hakusema limefaulu nini. Fusae alizaa watoto wawili, na majirani bado walimwita bibi harusi. Yasuke, jirani yao ambaye ndiye aliyekuwa fundi wa moto wa tanuri lile, alikuwa akimtania kila alipompita kwenye rundo la kuni.

"Bibi harusi, siku mavyaa wako akikusifu, uniite. Nitavaa joho langu la sherehe nije kushuhudia."

Kisha macho ya Shige yakaanza kuingia ukungu. Hakuna aliyelisema. Tokuji aliisogeza meza ya kuchorea karibu zaidi na dirisha, akadai kwamba sakafu ya mahali pa awali imeoza. Watoto walijifunza kutoacha viatu njiani. Fusae aligundua kwamba mama mkwe alikuwa akiyainua mabakuli karibu na uso zaidi na zaidi, mpaka pua ikagusa udongo, na kwamba sasa alichora kwa mazoea ya bega na kifundo. Kila kisahani cha rangi kilikuwa na mahali pake, nao mkono ulikwenda pale wenyewe, kama mtu anavyoshuka ngazi za kwake gizani.

Majira ya baridi ya mwaka ule, bakuli kubwa la nyumba lilipasuka. Hilo halikuwa bakuli la kuuza. Ni desturi ya bonde kwamba siku tanuri linapofunguliwa, wote waliolisha moto hula pamoja kutoka bakuli moja, na bakuli la akina Hibino Shige alikuwa amelichora yeye mwenyewe alipokuwa bado bibi harusi katika nyumba hiyo. Tokuji alifinyanga jipya. Lilikuwa kubwa kuliko yote aliyowahi kuyainua kwenye gurudumu, na lilipotoka kwenye moto wa kwanza, ule mdogo wa kulikausha, aliliweka mbele ya mama yake. Wote walielewa. Yungiyungi ambalo lingechorwa humo lingekuwa la mwisho la Shige, na lingekaa mezani mbele ya bonde zima, vizazi kwa vizazi.

Alichagua siku ya mvua, mwezi wa sita. Fusae alikuwa kando yake akifuata mkaa kwenye vibakuli vyake, kwa hiyo visahani viwili vilikuwa mezani, cha chuma na cha mkaa. Paa lilianza kuvuja. Tone liliangukia ukingo wa meza, likafuata lingine.

"Hamisha visahani," Shige alisema, "kabla chai ya mbinguni haijaingia kwenye chuma changu."

Fusae alivihamisha. Cha chuma alikipeleka mbali na tone, na cha mkaa kikaja kukaa mahali palipokuwa wazi. Shige aliamuru mwenyewe, na alisikia visahani vikisogea. Lakini mkono wake haukuisikia amri ya mdomo wake. Ulikwenda pale ulipozoea kwenda.

Fusae hakuona. Alikuwa anatazama ncha ya brashi, na tangu ilipogusa udongo hakuweza kutazama kitu kingine. Alikuwa ameona mamia ya mayungiyungi ya mama mkwe, na yote yalikuwa mazuri, lakini yalikuwa maua yaliyochorwa. Hili lilikuwa linachanua. Brashi iliingia katikati, ikatoka kuelekea ukingoni kwa mkupuo mmoja, ikapinda pale petali inapochoka na uzito wake, ikarudi. Haikusita mahali popote. Petali ya pili iliegemea ya kwanza, ya tatu ikajificha nyuma yao, na shina likashuka kando ya bakuli kana kwamba lilikuwa na safari yake. Mwisho Shige aliangusha madoa, tap, tap, tap, uso wake ukiwa umeelekea dirishani, na kila doa lilitua pale ambapo ua lenyewe lingelitaka. Fusae alikuwa ameshika sifongo. Maji yalimtiririkia hadi kwenye kiwiko, asijue.

Shige aliweka brashi chini. Alisema amechoka, atajilaza kidogo, na bakuli lipelekwe rafuni. Akaondoka akipapasa ukuta kama mtu anayeukagua tu.

Rangi ya chuma ikiwa mbichi ni nyeusi kama mkaa; ikikauka huwa nyekundu ya kutu. Fusae alisimama mbele ya rafu akisubiri wekundu huo uje, maana alitaka kuliona ua katika rangi yake. Lilikauka kijivu. Alijiambia ni mwanga wa mvua. Alilibeba hadi mlangoni, na mlangoni pia lilikuwa la kijivu, kijivu cha jivu la jikoni. Kulikuwa na tone lililoanguka pembeni, nje ya ua. Aliligusa, na kidole kikatoka na vumbi la mkaa.

Alilirudisha bakuli mezani akaketi. Ua zuri kuliko yote aliyowahi kuyaona lilikuwa limechorwa kwa kitu ambacho moto ungekifuta kabla hata haujakolea. Akinyamaza, tanuri lingefunguliwa mbele ya majirani, bakuli jeupe tupu lingetoka, na jambo ambalo nyumba nzima ilikuwa ikilificha kwa upole lingeanikwa juani mbele ya Shige mwenyewe. Akilifuta kwa sifongo, lingeisha papo hapo, kwa mkono wake. Ilibaki njia ya tatu, nayo ilikuwa kazi aliyoifanya kila siku tangu aje katika nyumba ile. Kufuata mkaa.

Alichukua brashi. Alikoroga chuma mpaka kikawa laini, akachagua petali ya chini upande wa kushoto, akaifuata tangu mwanzo hadi mwisho. Mkono wake haukutetemeka. Kisha akarudi nyuma kutazama. Mstari wake ulikuwa sahihi kabisa, na karibu na mingine ulionekana kama mtu aliyesimama wima kupigwa picha kando ya watu wanaocheza. Chini yake, petali ya Shige ilikuwa imetoweka. Fusae alielewa kwamba akiendelea, ataliokoa bakuli na ua litakuwa limekwisha, na kwamba moto hautakuwa umefanya lolote. Aliiweka brashi pembeni.

Mama mkwe alikuwa amelala ubavu kwenye mkeka wa chumba cha ndani, uso kuelekea bustani. Fusae alipiga magoti kizingitini.

"Mama."

"Limekauka?"

"Limekauka, Mama. Limekuwa la kijivu."

Mvua ilisikika kwenye majani. Shige hakugeuka.

"Mkaa," alisema.

"Ndiyo, Mama."

 Mabega ya Shige yakaanza kutikisika, na Fusae akadhani analia, mpaka aliposikia ni kicheko, kicheko cha kweli, ambacho hakuwahi kukisikia kwa mwanamke yule.

"Nilishangaa mimi. Chuma kina mchanga, huivuta brashi. Leo ilikuwa inateleza tu. Nikasema, haya, baada ya miaka yote hii, mkono wangu hatimaye umekuwa mwepesi." Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasikiliza. "Na wewe unalia nini? Umelifuta?"

"Hapana."

"Umelifuata?"

"Petali moja. Nikashindwa."

"Mkono ulitetemeka?"

"Haukutetemeka, Mama. Niliona kwamba nalifunika."

Shige alijiinua akaketi. Aligeuza uso wake upande ilikotoka sauti, na macho yake yenye ukungu yakatua karibu na bega la Fusae, si juu yake.

"Kumbe unaona," alisema.

 Shige alimwambia amwite Tokuji alitie bakuli uji mweupe, ule wa mawe yaliyosagwa ambao moto huugeuza kuwa kioo, na aliweke tanurini pamoja na mengine.

"Mama, litaungua."

"Moto ni mtu wa nyumba hii. Umetulisha miaka yote, na hatujaupa hata ua moja. Uache uchukue hilo."

Tokuji alipinga. Alisema bakuli lioshwe, lichorwe upya, na ikibidi atakaa mwenyewe amshikie mama yake kisahani. Shige alimuuliza kama yeye anaweza kufinyanga bakuli lile lile mara mbili. Tokuji alifikiri, kwa kuwa ni mtu mkweli, akasema hawezi. Akalichukua, akalitumbukiza ndani ya uji, na lilipotoka lilikuwa jeupe lote. Petali ya chuma na ua la mkaa vyote vilikuwa vimezikwa pamoja.

Tanuri la akina Hibino lina vyumba vinavyopanda mlima kimoja juu ya kingine, na Yasuke aliulisha moto kuanzia chini kwa kuni za msonobari, majirani wakipokezana. Fusae alibeba kuni kama kila mara. Moto ulipokolea, Yasuke alizibua kitundu cha kuchungulia akamruhusu atazame. Ndani hapakuwa na moto tena, kwa jinsi ulivyokuwa mwingi. Palikuwa na weupe tu, na mabakuli yaling'aa kwa mwanga wao wenyewe, hayana kivuli wala uzito, kama vitu vinavyofikiria kuwapo. Fusae alihisi anatazama mahali ambapo hakualikwa. Nyuma yake, Shige alikuwa ameketi kwenye kigoda, viganja vimeelekezwa kwenye joto.

Tanuri liliachwa likapoa kwa kadiri yake. Asubuhi ya kulifungua kulikuwa na jua. Tokuji alitoa matofali ya mlango moja moja, na hewa ya uvuguvugu ikatoka pamoja na sauti ile ambayo watu wa bonde huinyamazia: kioo cha kila bakuli kikiendelea kulia kadiri kinavyopoa, ting, ting, kama kengele ndogo mno zilizo mbali. Aliingia akiwa ameinama. Alikaa humo. Fusae alimsikia akiacha kusogea.

Alitoka amelikumbatia bakuli kifuani, akaliweka juu ya ubao mbele ya watu, akarudi nyuma.

Petali ya chini upande wa kushoto ilikuwa ya kahawia iliyokolea, kama inavyotakiwa. Na kutoka kwenye petali hiyo, ua zima lilikuwa limechanua. Mahali mkaa ulipolala, uji mweupe haukuwa umeshika sawasawa. Ulikuwa umekaa mwembamba. Na kila mfinyanzi wa bonde lile anajua kwamba weupe ukiwa mwembamba, moto hupenya na udongo hupata haya, ukawa mwekundu kama mashavu ya mtoto aliyetoka kuogeshwa. Yungiyungi lilikuwa la wekundu huo. Halikuwa na ukingo. Huwezi kusema linaanzia wapi. Ukilitazama sana linarudi ndani ya weupe, ukitazama kando linakuja. Pale palipoangushwa madoa, mkaa mzito ulikuwa umetoboa kioo ulipokuwa ukiondoka, ukaacha vitundu vidogo, kila kimoja mahali pake. Mkupuo ulikuwa ule ule. Kupinda kwa petali kulikuwa kule kule. Lakini hapakuwa na rangi. Hakuna mtu aliyekuwa ameweka kitu chochote pale.

Yasuke alivua kitambaa cha kichwani. Alikuwa amechoma katika tanuri lile tangu ujana wake. Alikuwa ameuona moto ukipasua, ukipinda, ukigandisha mabakuli mawili kuwa moja. Alisema kwa sauti ya chini kwamba hajawahi kuuona ukichora. Jirani mmoja alikutanisha viganja mbele ya uso, kama mbele ya madhabahu, na wengine wakafanya vivyo hivyo bila kuambiwa.

Fusae aliushika mkono wa mama mkwe, akauweka ndani ya bakuli. Hakuwa amewahi kuugusa mkono huo. Vidole vilitembea, vikasimama kwenye petali ya chuma, iliyokuwa imeinuka kidogo.

"Hii ni yako."

"Ndiyo, Mama."

"Imesimama kama askari wa zamu."

Watu walicheka, kwa kuwa walihitaji kucheka. Vidole viliendelea, vikapotea kwenye ulaini, vikakuta kitundu, kingine, kingine. Vilikwenda polepole. Shige aliuliza ni nini, na Fusae akamwambia ni madoa yake. Kisha akamweleza mengine yote, wekundu na mahali ulipo, petali kwa petali, na mwanamke yule aliyekuwa mchache wa maneno alisikiliza midomo ikiwa wazi kama msichana.

Tokuji alitaka bakuli likawekwe chumba cha wageni, mahali pa heshima, lisiguswe. Wengine walikubali. Shige alisema bakuli ni la chakula, na kwamba magimbi yameiva tangu asubuhi, au wao walidhani wanawake wamechemsha magimbi ili yatazamwe.

Basi magimbi na ngisi vikapakuliwa humo, na mchuzi wa soya ukafunika ua. Walikaa kulizunguka, wakanywa pombe ya mchele, wakala, wakabishana juu ya kuni za mwaka ujao. Lakini kadiri chakula kilivyopungua, wekundu ulianza kujitokeza chini ya mchuzi, kwanza ncha ya petali, kisha nyingine, na maneno yakapungua nayo. Mwishowe likabaki gimbi moja. Katika bonde lile hakuna mtu mwenye adabu anayechukua kipande cha mwisho. Nalo lilikuwa limelala kwenye moyo wa yungiyungi hasa.

Shige aliuliza kwa nini wamenyamaza.

"Limebaki gimbi moja, Bibi Shige," Yasuke alisema, "na sisi sote tuna adabu."

"Tangu lini?" alisema Shige, akanyoosha vijiti vyake vya kulia.

Vilitafuta hewani. Fusae hakumshika mkono. Aliligeuza bakuli kidogo tu, kimyakimya, mpaka gimbi likakutana na vijiti. Shige alilinyanyua, akalila lote, akajifuta mdomo.

"Ua lipo?" aliuliza.

"Lipo, Mama. Lote."

Alitikisa kichwa kukubali. Kisha, kwa sauti ile ile aliyotumia kuomba chai, alimwambia Fusae kwamba kesho asisage mkaa, achore kwa chuma moja kwa moja.

Majirani waliendelea kuzungumza. Wengi hawakusikia, na waliosikia walidhani ni agizo la kazi tu. Fusae aliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka, akabaki hivyo. Alipoinuka alilichukua bakuli, akatoka nalo kwenda kisimani, akaliosha kwa mikono mitupu.